Mvi za Brandon

Brandon alizaliwa na mvi. Kabla hata hajatambaa, kijiji kizima cha Gesima kilikuwa kimeshaamua kwamba mamake, Gladys, ndiye aliyeleta balaa hilo. Homa zilipoanza kumrudia mtoto, mumewe Nyamweya naye akaamini, akamwambia mkewe amchukue mtoto arudi kwao Nyamache.

Mokeira, dadake Nyamweya, hakuamini. Alikuwa mtafiti na mwalimu wa chuo kikuu mjini Kisii, na utafiti wake ulihusu majani ya chai. Ndani ya kila seli mna vifuko vya utando vinavyosafirisha mizigo, na zipo protini zinazoelekeza kila kifuko kiende wapi. Mokeira alichunguza jinsi protini hizo zilivyobadilika tangu enzi za viumbe vya seli moja. Alipoutazama unywele wa Brandon kwa hadubini, akaona rangi imegandamana mafungu mafungu, kana kwamba imekwama njiani. Akamsihi Gladys wampeleke mtoto Nairobi akapimwe jeni.

Majibu yalipofika, Mokeira alijifungia ofisini. Protini iliyoharibika ilikuwa ya ukoo uleule alioufahamu, nayo ilikuwa na kasoro mahali pamoja tu. Akaipanga kwenye kompyuta pamoja na jamaa zake: za mchai, za mgomba, za hamira, za amiba wa dimbwini. Mahali pale zote zilifanana. Kwa zaidi ya miaka bilioni moja mengine yote yaligeuka, pale pasiguswe. Isipokuwa kwa Brandon.

Juma lililopita tu alikuwa amewaonyesha wanafunzi mahali palepale, akatabasamu na kusema, "Kiumbe kikiharibika hapa, hakidumu."

Akampigia simu daktari wa Nairobi aliyempima Brandon.

"Kinga yake haiwezi kupeleka silaha zake zinakotakiwa," daktari alisema. "Anahitaji uboho wa mifupa kutoka kwa mtu mwingine, na upesi. Na kasoro hii, dada, imetoka kwa wazazi wote wawili."

Mokeira alimkuta Nyamweya shambani, kikapu mgongoni, akichuma chai. Akamweleza.

"Kwangu?" Nyamweya alishtuka. "Mimi mbona mzima?"

"Una nakala mbili za jeni hiyo; moja ni nzuri, inakutosha. Gladys vilevile. Brandon alipata mbovu yako na mbovu yake."

Nyamweya akaketi chini katikati ya michai, majani yakamwagika.

"Nilimfukuza, Mokeira."

"Ndiyo. Ulimfukuza."

Alasiri hiyohiyo Nyamweya alikwenda Nyamache. Gladys alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mtoto begani, wala hakumkaribisha ndani.

"Twende hospitali," alisema hatimaye. "Mengine baadaye."

Wakapimwa wote. Uboho wa Jemimah, binti yao mkubwa, ulilingana na wa nduguye. Matibabu yalikuwa marefu na ya kutisha. Mara mbili Mokeira alidhani wamempoteza. Lakini Brandon aliponea chupuchupu, na homa zikaacha kumrudia.

Gladys alikubali kurudi Gesima kwa sharti moja. Kwa hiyo Sabato iliyofuata Nyamweya alisimama kanisani.

"Mke wangu mlimsema, nami nikamsema," alianza. "Ugonjwa wa mtoto ulitoka kwangu pia. Damu yangu. Damu ya ukoo wetu huu."

Mokeira aliwatazama baba wadogo na mashangazi wakigeukiana kwa hofu, kila mmoja akijiuliza kama naye anaibeba kasoro hiyo.