Jiwe Lililokohoa

Sonara alikuwa akigonga bamba la dhahabu kwa nyundo ndogo, akilikwaruza lifanane na gome la mti, pale jiwe la kijani lililokuwa mezani lilipokohoa. Mawe yake hakuyachonga wala kuyang'arisha. Aliyavalisha dhahabu vile vile yalivyotoka ardhini, na wateja waliyapendea hivyo hivyo. Akalipangusa vumbi lile la kijani kwa kitambaa.

"Asante, mama," jiwe likasema kwa sauti ya kiume. "Nilikuwa nimekabwa."

Akaeleza kwamba alikuwa mchimbaji. Miaka mingi iliyopita shimo lilimporomokea akiwa peke yake. Meneja wa mgodi alitangaza kwamba ameiba mawe na kutoroka, kisha akaamuru shimo lifukiwe. Sonara akamuuliza kama ana mtu wa kuitiwa. Akamtaja mkewe, mshonaji wa nyuma ya stendi.

Mshonaji alifika na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Akavuta kiti, akakaa. Miaka yote hiyo alikuwa ameitwa mke wa mwizi, hata akazoea kuitika.

"Kumbe hukutoroka?"

"Nitoroke niende wapi, na viatu vyangu vizuri viko nyumbani?"

"Nilivigawa."

"Vyote?"

"Nilikuwa na hasira."

"Haki yako, mke wangu."

Mshonaji akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua mzigo.

Jioni meneja akaja kuangalia mkufu aliouagiza kwa harusi ya binti yake. Jiwe la kijani ndilo alilokuwa amelichagua. Jiwe likamwamkia kwa adabu, likamuuliza wataufukua mwili wake lini.

Meneja akatazama saa. "Pale tumeshamwaga zege," akasema. Kisha akamgeukia sonara: "La kuongea silitaki, litanivurugia sherehe. Nitafutie lililo kimya."

Sonara akamwonyesha jingine, meneja akaridhika nalo. Asubuhi mgodi ulifunguliwa kama kawaida. Picha ya mchimbaji ilibaki getini, kwenye ubao wa wezi.

Lile la kijani sonara alilikalisha kwenye pete nzito ya dhahabu iliyokunjamana, akamvisha mshonaji. Njiani mshonaji alimsimulia mumewe mambo ya nyumbani: paa limebadilishwa, binti yao ameolewa, mkwe ni mtu wa watu ila anakoroma. Mumewe aliuliza maswali mengi kuhusu paa.

Walipofika, mshonaji akavua pete na kuiweka dirishani penye jua. Mumewe alisema hapo panamfaa.