Kura ya Bernice

Bahasha ya mwisho ya kura za posta ilikuwa imelala katikati ya meza, na Marlene Skibinski aliutambua mwandiko kabla hata ya kuvaa miwani. Ile B yenye mkia mrefu ilikuwa ya Bernice Van Alst, ambaye walimzika Ijumaa.

"Imebaki hii tu," alisema Dale Hotaling, kinyozi wa mjini, Mrepublican aliyechukua nafasi ya Bernice upande wa pili wa meza. "Bi Marlene, hesabu unaijua?"

Kaunti nzima iliijua. Warepublican walikuwa wamelishika baraza la kaunti kwa miaka arobaini na miwili, mpaka watu wakasahau kwamba linaweza kushikwa na mwingine. Sasa kila chama kilikuwa na viti saba. Katika kiti cha kumi na tano, cha kata yao, Mdemokrati alikuwa mbele kwa kura moja. Bernice, Mrepublican tangu tumboni mwa mama yake, akihesabiwa, kura zingelingana na uchaguzi ungerudiwa. Na marudio katika kata ile yalikuwa na mwenyewe: Warepublican.

Marlene alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, na Mdemokrati kama baba yake. Sheria inataka kila meza ya kura iwe na watu wawili, mmoja wa kila chama, na kila karatasi isainiwe na wote wawili. Kwa miaka thelathini na minne meza ya ukumbi wa wazimamoto ilikuwa yake na Bernice. Walikuja kwa lori la Bernice lenye harufu ya chakula cha kuku, pai ya tufaha magotini pa Marlene. Saa kumi na mbili asubuhi walipiga kura wao kwanza. Bernice aliingia nyuma ya pazia, akavuta wenzo wa mashine ya kupigia kura, kacha! Kisha Marlene, kacha! Naye akitoka tu, Bernice alimwambia yaleyale ya kila mwaka.

"Haya, tumefutana. Tungelala tu. Mimina kahawa."

Vuli hii Bernice hakuweza kutoka kitandani, akapiga kura kwa posta. Marlene ndiye aliyeipeleka bahasha, ameificha ndani ya koti isilowe.

"Usije ukaiangusha mtoni, mwizi wewe," Bernice alimwambia kutoka kwenye mito yake.

"Nikiiangusha nitaruka niifuate, shoga. Nani atanifuta?"

Dale alichukua kisu cha kufungulia barua. "Gazeti limesema marehemu alifariki Jumanne. Ukifa siku yenyewe ya uchaguzi, kura yako halali. Ingekuwa Jumatatu, tungeiweka kando bila kuifungua. Sivyo?"

"Ndivyo," alisema Marlene.

Gazeti lilikosea. Bernice alifariki Jumatatu, saa kumi na mbili kasorobo jioni, gari la maziwa likipita barabarani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Marlene. Binti yake alifika Jumanne kutoka Ohio, na kwenye tangazo akaandika siku ambayo yeye alimkuta mama yake amefariki. Usiku ule, zaidi ya mwenye nyumba ya mazishi aliyekuja kuuchukua mwili, Marlene hakumwambia mtu. Mtoto ndiye wa kwanza kuambiwa, ndivyo alivyolelewa.

Angenyamaza, basi. Na ukweli ni kwamba alitaka kunyamaza. Aliitamani bahasha ile ifunguliwe kuliko alivyotamani baraza zima, afutwe kwa mara ya mwisho na mtu aliyezoea kumfuta. Tena akisema, nani ataamini? Watasema amemzika rafiki yake mara mbili ili chama chake kishinde.

Lakini alimkumbuka Warren, mume wa Bernice. Mwaka wa sabini na tisa Warren alivunjika mguu, akapiga kura kwa posta, akasahau kusaini bahasha. Kura zilipohesabiwa alikuwa nje ndani ya lori, akimsubiri mkewe.

"Bernice, mwite asaini," Marlene alisema siku ile. "Hatua kumi tu."

"Muda umepita."

"Ni mumeo!"

"Nyumbani ni mume wangu. Hapa ni bahasha isiyo na saini."

Warren alinuna wiki tatu. Neno lake la kwanza lilikuwa siku ya sikukuu ya Shukrani, alipoomba chumvi.

"Dale," alisema Marlene, "weka kisu chini. Alifariki Jumatatu. Nilikuwa nimemshika mkono."

Dale aliweka kisu mezani. "Ungenyamaza nisingejua."

"Mpigie mwenye nyumba ya mazishi. Usiniamini mimi tu."

Dale alipiga simu. Akasikiliza, akashukuru, akarudisha mkono wa simu taratibu. Wakaandika juu ya bahasha kwamba haikufunguliwa, na kwa nini. Dale akasaini. Marlene akasaini chini yake.

Mchana duka la mikate lilijaa Wademokrati wenye miaka arobaini na miwili ya kelele vifuani. Kura ile moja ya ushindi ilikuwa imepata wenyewe wengi.

"Ni ya mke wangu. Alitaka kubaki kitandani, nikamvuta mguu."

"Uongo! Ni yangu. Nilikuja na homa."

"Na wewe Marlene, mbona umepoa hivyo? Tumeshinda, bibi wee."

"Nimechoka kukaa," alijibu, akalipia mkate wake.

Hakubishana nao. Kura iliyobaki bila wa kuifuta alijua ni ya nani. Jumanne ile, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa ameingia nyuma ya pazia peke yake, akavuta wenzo. Alipotoka alisimama palepale, mkono bado umeshika pazia, akingoja kuambiwa neno. Kwenye kiti cha pili Dale alikuwa ameinama chini ya meza, akitafuta pa kuchomeka waya wa birika la kahawa.