Kumuwahi Pamba

Walikuwepo mama mkwe wake Bi Chiku, na shemeji yake Kombo, na Semeni mwanawe wa miaka mitatu, na yeye Mwanamkasi, uani pale Nguvumali, na Pamba mapajani mwake, kama sungura naye huhesabiwa, na kwa nini asihesabiwe, miaka minane anahema na leo ndiyo wanamhesabia pumzi… maana jana bwana mifugo Laurenti alimwekea ubavuni kile chombo cha kusikilizia, akasema moyo umevimba kwa uzee, maji yamejaa mapafuni na tumboni, dawa hakuna, ila nyama yake haina ubaya, na tangu neno lile hakuna aliyesikia moyo, wote walisikia nyama. Vitunguu vimeshatiwa kwenye mafuta na mwenyewe bado anapumua, harufu inamjia Mwanamkasi, anajiziba pua kwa upindo wa kanga… Kombo alikuja akambonyeza Pamba tumbo kwa kidole gumba kama anayechagua papai, tumbo la maji lile, si mafuta, mwanamume mzima hajui, akacheka, "Shemeji, huyu akifa mwenyewe ni mzoga, au utamsomea hitima?" kisha akaenda kunoa kisu nyuma ya ukuta, mnyama asikione, na huo ni wema, aliuona, Kombo ana huruma, na ndilo linalomtia kinyaa zaidi, huruma na kisu mkono mmoja. Bi Chiku jikoni anasema nini… anasema tumuwahi, mwanangu, riziki isipotee, Bi Chiku aliyemkanda siku arobaini za uzazi kwa mikono hiyohiyo inayotwanga saumu sasa, Mwanamkasi hawezi kumchukia, anaichukia mikono tu… Semeni ameleta jani la kiazi, anamsogezea Pamba mdomoni, hali, midomo imegeuka zambarau, na chini ya kiganja ule moyo, haupigi, unajikwaa, unainuka, unajikwaa tena… basi afe, ya Rabi, afe sasa hivi, awe mzoga, nani atamgusa mzoga, dakika moja ingetosha, sungura hupumua kwa pua, na pua yenyewe ndogo hivi… na kidole kiko wapi, kidole chake yeye, kiko juu ya pua, tangu lini, kimelowa. Akauondoa mkono, akaufuta kwenye kanga, akaufuta tena, haukutakata. Kumbe wale wanataka kumla, na yeye alitaka kumziba pumzi, akaita mapenzi, mtoto akitazama… afadhali hata Kombo, Kombo angepiga bismillahi. Kisu kinanolewa bado nyuma ya ukuta, vitunguu vinaanza kuungua, jani liko palepale mdomoni.

"Hachinjwi, mama," alisema, kwa sauti ndogo, hata hakujua kama imefika jikoni. "Na mimi simuui. Atakufa siku yake."

Pamba alikufa Ijumaa, siku ya tatu, na Kombo ndiye aliyemchimbia shimo.