Amplifaya Isiyonguruma

Apolinary alikuwa fundi redio pale Nyakato, Musoma, na mwaka ule wa 1985 fundi alikuwa mtu wa kuokoteza. Ruhusa ya kuleta bidhaa kutoka nje ilikwishatolewa, madukani sabuni na vitenge vilianza kuonekana, lakini vipuri vya redio vilibaki hadithi. Basi transfoma ya amplifaya yake aliisuka kwa mkono, kwa waya wa shaba aliouchomoa kwenye mota mbovu iliyotoka mgodini Buhemba. Waya wenyewe ulikuwa umechubuka huku na huku. Kati ya tabaka na tabaka akatandika karatasi za mfuko wa saruji, akalifungia dude hilo ndani ya kasha la bati, akaridhika.

Aliitengeneza kwa ajili ya mkutano wa uamsho wa Bunda. Mkewe Petronila ndiye angeongoza mapambio, na Apolinary alimwahidi kwamba safari hii sauti yake itafika mpaka barabara kuu. Kumpenda mkewe si kosa. Ana makosa mengine ya kulaumiwa.

Siku moja kabla ya mkutano akaiwasha. Ikanguruma kama mashine ya kusaga.

"Hii inangurumaga hivi hivi?" akauliza Masatu, rafiki yake dereva, ambaye ndiye angewapeleka Bunda kwa lori lake. "Ndugu yangu, chukua betri za lori. Betri hazingurumagi. Na hazijaua mtu."

"Kwa betri italia kama nzi chupani. Mimi nataka umeme wa ukutani."

Ugonjwa wenyewe aliujua. Amplifaya ilikuwa na waya wake wa ardhi, ule wa kuupeleka umeme uliopotea chini udongoni, na redio kaseti iliyounganishwa nayo ilikuwa na wa kwake. Mngurumo ulizunguka kati ya hizo mbili. Dawa yake ni kufungua kasha, kukusanya nyaya zote za ardhi kwenye skrubu moja na kulehemu upya. Lakini risasi ya kulehemu ilikuwa haipatikani Musoma nzima, na kesho haingoji. Apolinary akafungua plagi, akakata waya wa ardhi wa amplifaya kwa mkasi wa mkewe.

Kimya. Hata pumzi ya Petronila, aliyeishika maiki, ilisikika spikani.

"Wewe ni kiboko!" akasema Masatu, na betri zake akazisahau hapo hapo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Baba Boke, mbona umeukata?" Petronila akauliza.

"Wa kelele huo, mama. Hauna kazi."

Akaligusa kasha kwa mgongo wa mkono, kama mafundi wa hapa wanavyopima. "Inanilamba kidogo tu." Kulamba ndilo jina lao la ule umeme unaotekenya ngozi, na wakishauita hivyo hawauogopi tena. Miguuni alikuwa amevaa katambuga, soli ya tairi la gari, na mpira ule mnene ulikuwa umeuzuia umeme usipite mwilini mwake kwenda chini. Hilo hakuliwaza hata kidogo.

Barabara ya Bunda ilikuwa mashimo matupu. Lori liliruka, kasha likaruka nalo, na karatasi za saruji zikasagika, waya uliochubuka ukagusana na bati. Walipofika, Apolinary akavuta waya kutoka dirishani kwa Mwinjilisti Mniko, mwenyeji wao, akawasha, akapima tena. Safari hii aliurudisha mkono haraka.

"Leo inalamba sana," akajisemea. Angeweza kuzima pale pale, na alijua hivyo. Lakini uwanja ulikuwa umekwisha kujaa, na kaseti ya nyimbo ikalia safi, watu wakageuka kumtazama fundi. Liwalo na liwe. Akaenda nyuma kabisa, kando ya barabara, asikie sauti inafikaje.

Kutoka kule ndipo alipoliona jukwaa. Lilikuwa la udongo, na alfajiri akina mama walikuwa wamelisiriba kwa mavi ya ng'ombe na maji, kama nyumba inavyosiribwa mgeni wa heshima anapokuja. Lilikuwa bado bichi. Mtu hapandi na viatu juu ya kazi ya akina mama. Petronila akavua vyake, akaviweka pembeni, akapanda, na nyayo zake zikajichora kwenye ule unyevu.

Apolinary akatazama miguu yake mwenyewe, katambuga zile.

Akakimbia. "Mama Boke! Usiishike!" Lakini spika alizitengeneza zisikike mpaka barabarani, na kaseti ilikuwa bado inaimba. Nani angemsikia?

Petronila akaishika ile maiki ya chuma, ambayo waya wake ulitoka kwenye kasha, kwa mikono miwili. Sauti yake ikatoka neno moja, kubwa, zuri, kisha ikakatika. Mwili ukaanza kutetemeka. Vidole havikuachia.

"Ameshukiwa!" mwanamke mmoja akapaza sauti. Vigelegele vikapasua uwanja.

"Umeme! Ni umeme huo!" Apolinary akapiga kelele. Wanaume wawili wakamkamata mikono.

"Tulia, ndugu. Mwache Roho afanye kazi."

Akamng'ata mmoja, akampiga mwingine kiwiko, akafika dirishani akaung'oa waya. Petronila akaanguka chali. Hakuna aliyeshtuka, kwa maana walioshukiwa huanguka hivyo hivyo. Apolinary akapanda, akaweka sikio kifuani pa mkewe, akalihamisha, akalirudisha. Akamsukuma kifua, akamwita kwa jina lake la usichana. Akasikiliza tena mpaka hakukuwa na cha kusikiliza.

Akasimama. "Ni mimi," akasema, na sasa kwa kuwa spika zilikuwa zimezimika, kila mtu alimsikia. "Mimi ndiye niliyeukata waya. Nimemuua mke wangu!"

Watu wa uamsho wanajua la kufanya mtu anapokiri dhambi hadharani.

"Haleluya!" wakaitikia, wakaanzisha pambio kwa makofi. Mniko akaja akamwekea mkono begani, uso wake umejaa furaha.

"Endelea, ndugu yangu," akamwambia. "Ungama yote."