Maneno ya Kidoti

Mimi na Kidoti tulikuwa chanda na pete, na aliyeharibu ni mimi. Nasema mapema ili mtu asinionee huruma.

Tulikuwa tunatunga kitabu cha katuni cha kusomwa na watoto wa madarasa ya chini. Mimi nilichora, yeye aliandika maneno ndani ya yale mapovu yanayotoka vinywani mwa watu. Msichana wa hadithi, aliyefiwa na mama, nilimpa sura ya Kidoti mwenyewe, pamoja na kile kidoti cha shavuni kilichompa jina. Alikubali kwa sharti moja.

"Sura chukua. Ila atakachosema, nitaamua mimi."

Ukurasa wa mwisho ulibakiza povu moja tu, na Kidoti haji shule, anamuuguza baba yake. Mkutubi, ambaye ndiye angetutolea nakala, alisema anaitaka kazi Ijumaa au basi tena. Kwenda kwao Kidoti ni mwendo wa dakika kumi. Sikwenda. Kazi ilikuwa imenipanda kichwani, na maneno yaliyofaa nilikuwa nayo tayari. Kidoti aliwahi kuninong'oneza, mimi peke yangu: "Gauni la mama sitaki lifuliwe. Nikilala nalo, naamka nikidhani yupo."

Niliyaandika vilevile. Na yalipendeza, Mungu anisamehe, kuliko chochote tulichowahi kutunga. Mkutubi aliposoma alivua miwani akajifuta macho, nami nikavimba kichwa.

Majuto ni mjukuu. Wangu alifika Jumatatu asubuhi. Kidoti alirudi shule, na kabla hajafika darasani watoto wa darasa la pili walimzunguka, kila mmoja na nakala yake. Hawakuwa na ubaya. Walitaka kujua tu.

"Dada Kidoti, lile gauni umeshalifua?"

Nilimkuta nyuma ya maktaba, amekaa chini, ameegemea ukuta. Nikachuchumaa mbele yake nikaomba msamaha, nikarudia, nikarudia tena.

"Ungekuja kuniuliza," alisema.

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Kisha akalia, kimyakimya, mdomo wa chini umevutika upande mmoja. Miaka yote ninayomchora, mdomo ule sikuwahi kuupatia. Nilikuwa na uchungu wa kweli, naapa. Nilijua nampoteza na sikuwa na la kufanya. Lakini kidole changu kilikuwa kimeshaanza kutembea juu ya sketi yangu, taratibu, kikiufuata ule mkunjo wa mdomo wake.

Alikiona. Machozi yakakatika palepale. Alikitazama kidole, akanitazama mimi, halafu akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Nenda," alisema ndani ya viganja. "Nataka kulia."