Ombi la Mwisho kwa Ajili ya Emmah

Mzee Were alikuwa amekata shauri: angemwombea Emmah Jumapili hii moja tu, kisha basi. Hata mgeni asiyefunguliwa mlango huchoka kupiga hodi.

Emmah, mtoto wake wa pekee, alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Miaka miwili alipiga simu kila Jumamosi saa kumi, bila kukosa. Kisha akanyamaza. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na moja bila neno. Were alikwenda mjini kwa wakala aliyempeleka, akakuta ofisi imefungwa na kibao kimeng'olewa, yamebaki matundu manne ya misumari. Akarudi kwake Uthiru, akamgeukia Mungu. Na kwa kuomba hakuwa mtu wa kubahatisha. Seremala huyu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni, na alipoomba kanisani watu walisema maombi yake yana milango na madirisha. Sasa maombi hayo yalipanda juu, yakapotelea huko huko.

Wiki hiyo alikuwa ametengeneza mabenchi ya waumini fulani waitwao Marafiki, waliokuwa wakikusanyika katika chumba kidogo karibu na mtaa wa Woodley. Wakamwalika Jumapili. Alifurahi. Yeye mwenyewe alizaliwa katika Kanisa la Marafiki kule Lugulu, na Marafiki aliowajua yeye waliimba mpaka mabati yakatetemeka. Vema, aliwaza, ombi langu la mwisho litasikiwa na watu wetu.

Akafunga tai, akaenda. Alikuta watu tisa wameketi, kimya. Akaketi. Dakika kumi, hakuna wimbo. Dakika ishirini, mmoja amefumba macho, mwingine anatazama viatu vyake. Mabenchi hayakulia hata kidogo, akajipongeza moyoni. Kisha akawaonea huruma. Maskini, mchungaji wao amekwama njiani na hakuna anayethubutu kuanza!

Akasimama, akakohoa.

"Ndugu zangu, kama mchungaji amechelewa, mimi naweza kuwasaidia."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye mvi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama kusema, haya.

"Baba wa mbinguni," Were akaanza kwa sauti yake ya kanisani, "wewe uliyezitandaza mbingu..."

Maneno yakakatika. Aliyatafuta kama fundi anayepapasa msumari kwenye maranda. Mwishowe ikatoka sauti ndogo ambayo hata yeye hakuijua.

"Emmah hajapiga simu."

Akaketi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alingoja mtu aseme haleluya, au aanzishe wimbo, ili lile pengo lizibwe. Hakuna aliyeliziba. Walikaa nalo pamoja naye mpaka saa ikatimia, ndipo wakaanza kupeana mikono.

"Hapa mchungaji hachelewi, mzee," yule mama alimwambia, akimshika mkono. Jina lake Rael, mwalimu mstaafu. "Hatuna."

"Kumbe! Sasa saa nzima mnafanya nini?"

"Tunamngoja Mungu."

"Na huwa anakuja?"

Rael hakuuachia mkono wake. "Mwanangu Quincy aliondoka nyumbani, huu mwaka wa tisa. Sijapata neno. Si lake, si la Mungu."

"Na bado unakuja, mwalimu?"

"Nikamngojee wapi kwingine?"

Were akaaga, akatoka. Alikuwa ameshavuka barabara alipokumbuka jambo, akasimama pale pale, watu wakampita. Hakusema amina. Na miaka yote alikuwa akiwafundisha vijana wa kanisani kwamba ombi lisilofungwa kwa amina bado liko wazi.

Jumamosi, saa kumi kasoro, aliweka simu mezani, akaketi mbele yake na kunyamaza. Mkewe akaingia na chai.

"Baba Emmah, unaomba au umesinzia?"

"Naomba."

"Mbona sikusikii? Wewe ambaye hata majirani hukusikia!" Kisha akamtazama vizuri. "Si ulisema lile la Jumapili ndilo la mwisho?"

"Ndilo hilo hilo. Sijalifunga."

Mama Emmah akaliweka birika chini, akavuta kigoda, akaketi karibu naye mpaka mabega yakagusana. Saa kumi ikafika, ikapita. Simu ilikaa pale pale mezani. Chai ikapoa, na hakuna kati yao aliyesema amina.