Kitambaa cha Buluu

Mzee Fung alikuwa amebakiwa na saa tatu tu. Treni ya binti yake ingefika saa tisa alasiri, na kuta za sebuleni bado zilikuwa na masizi ya udi wa mwaka mzima. Kesho Mwaka Mpya wa Kichina, na siku hiyo kushika ufagio au brashi ni mwiko. Ilikuwa leo au basi tena.

Alianza na ndege. Msimsingizie kwamba hakumjali! Ah-Sing, kidege cha kijani chenye duara jeupe kuzunguka jicho, alilelewa na binti huyo, Yuk-ping, akilishwa kwa ncha ya kijiti cha kulia chakula, kabla binti hajagombana na baba yake na kwenda zake. Miaka mitatu! Alipopiga simu juzi aliuliza jambo moja tu: "Ah-Sing mzima?" Mzee akajibu, "Mzima kuliko mimi."

Basi akafanya kama wafugaji wote wa ndege wa mtaa ule. Akalifunika tundu kwa kitambaa cha buluu, akalitundika bafuni, akafunga mlango. Ndege akifunikwa hutulia, na akitulia halii. Miaka arobaini amebeba ndege wake hivyo kwenda nao mkahawani kwa chai ya asubuhi. Kisha akafunga madirisha yote vumbi lisinase kwenye rangi mbichi, akafungua kopo la rangi ya mafuta, akamimina thina ya kuizimua.

Saa nane ukuta wa tatu ulikuwa unang'aa. Kichwa kilimgonga, lakini akaendelea. Bafuni kimya. Akajisifu moyoni: mpole kweli yule.

Mara geti la chuma likapigwa kwa mwiko wa kupikia. Alikuwa Bi Mok, jirani.

"We mzee! Unapaka rangi au unatuua? Harufu imeingia mpaka kwenye supu yangu!"

"Vumilia, dada. Nimebakiza ukuta mmoja."

"Na Ah-Sing?"

"Bafuni. Nimemfunika, katulia tuli. Hajatoa hata mlio."

"Kichwa kinakuuma?"

"Kidogo."

"Wewe una mapafu kama ya nyati na kinakuuma. Yeye je?"

Brashi ikamtoka mkononi. Alikimbilia bafuni, akalivuta lile tambara, na harufu iliyokuwa imejikusanya chini yake ikampiga usoni. Ah-Sing alikuwa chini, kwenye sakafu ya tundu, manyoya yamemvimba, mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka. Ee mbingu! Alikuwa amesifu kimya cha mtu anayekabwa.

"Lete kwangu!" Bi Mok alisema, halafu akanusa mlangoni pake. "La, hata huku imejaa. Juu, kwenye paa!"

Ghorofa mbili za ngazi, na magoti yale! Juu upepo ulikuwa wa barafu, na baridi nayo huua ndege. Mzee akavua koti lake la pamba, akalizungushia tundu pande tatu, akaacha upande mmoja upate hewa, akaketi na shati tu akitetemeka. Akahesabu pumzi za ndege kwa mkia uliopanda na kushuka. Zikapungua. Hakujua kama ni nafuu au ni mwisho, na alilia waziwazi.

"Baba?"

Yuk-ping alisimama kwenye mlango wa paa, begi bado mgongoni. Bi Mok alikuwa amemweleza yote.

"Nimemuua," mzee alisema. "Nilitaka ukute nyumba safi."

Yuk-ping akapiga magoti, akachungulia ndani ya koti. Kisha akamshika baba mikono, iliyojaa rangi na baridi kama samaki.

"Baba, nani alikwambia nimekuja kukagua kuta? Mbona unatetemeka? Umekaa hapa na shati tu tangu saa ngapi?"

Kabla hajajibu, kitu kikakwaruza kijiti cha kusimamia ndani ya tundu. Ah-Sing alikuwa amepanda, anayumba, lakini amepanda.

Chakula cha jioni walikula kwa Bi Mok, madirisha wazi, makoti mwilini. Ukuta wa nne haujapakwa rangi hadi leo. Kila mara mzee anaposhika brashi, Yuk-ping humwambia aiache.